Wameniandika "mkaidi" kwenye kadi, na presha inazidi kupanda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 33, na ninaishi katika mji mdogo wa Kanda ya Ziwa pamoja na mume wangu, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtoto wetu wa miaka minne, na mama mkwe wangu. Nina ujauzito wa wiki 29, nao ni wa tatu. Wa kwanza uliishia pabaya: nilipata kifafa cha mimba nikiwa na wiki 33, nikazinduka baada ya siku mbili na kuambiwa kwamba mtoto alifia tumboni. Wa pili presha ilianza wiki ya 35, nikafanyiwa upasuaji, na mtoto aliyepatikana ndiye huyu niliye naye. Safari hii nilianza kliniki mapema, nikaeleza yote hayo, na muuguzi aliyenipokea akayaandika kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yangu, jambo lililonipa moyo kwamba sasa nitaangaliwa kwa karibu.

Nilipofika wiki ya 28 presha ilipimwa ikawa 150/100, na daktari wa zamu akaagiza nilazwe siku ileile. Mume wangu alikuwa safarini, mama mkwe anaumwa miguu na hawezi kumkimbilia mtoto, nami sikuwa nimemuaga mtu yeyote. Nilimwomba sista anayehusika na wodi anipe ruhusa nikapange mambo ya nyumbani nirudi kesho yake. Alinipa karatasi nisaini kwamba nimekataa kulazwa, kisha akaandika kwenye kadi yangu, mbele ya kina mama wengine waliokuwa kwenye benchi: "Mkaidi, amekataa kulazwa." Nakiri kwamba kesho yake sikurudi. Aibu ilinizuia, nikaendelea kumeza vidonge vya Aldomet vya kushusha presha nilivyopewa, na nikarudi baada ya siku sita.

Siku hiyo niliporudi nilimkuta sista yuleyule. Alisoma kadi, akacheka, akaniuliza: "Si ulikataa kulazwa? Sasa umefuata nini?" Alinipima presha juu ya mkono wa gauni langu la kitenge huku bado nahema, kwa kuwa nilikuwa nimepanda ngazi, akasema ni 140 na kitu. Nilipouliza kuhusu kipimo cha mkojo alisema vijiti vimekwisha tangu Jumatatu. Nilimweleza kwamba kichwa kinaniuma kwa siku ya tatu, kwamba pete ya ndoa haitoki kidoleni, na kwamba nikiinuka naona vimulimuli, akasema walimu tuna mawazo mengi na tunajifanya madaktari. Nilipandisha sauti. Naye akapandisha yake. Niliondoka bila kumwona daktari.

Mume wangu alirejea jioni, akaenda hospitalini peke yake, akagombana na wauguzi wa zamu ya usiku ambao hata hawakuwapo asubuhi, na akawarekodi kwa simu. Sasa anataka kuisambaza video hiyo mitandaoni na kuishtaki hospitali. Mama mkwe anasema niachane nao, niende kwa bibi mmoja anayezalisha kijijini kwao, ambaye ana dawa ya kushusha uvimbe. Jirani yangu ananishauri nimpelekee yule sista "soda" ili yaishe.

Jambo jingine linalonichanganya ni kwamba bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi aliniambia wiki ya 26 kwamba atanivusha hadi wiki ya 37, ilhali daktari wa zamu aliniambia nitapasuliwa ikifika 34. Nani kati yao anajua anachokisema? Nilipouliza kwa nini nisichomwe mapema ile sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, hakuna aliyenijibu. Nihamie hospitali nyingine? Nikimlalamikia yule sista, je, siku ya kujifungua sitakuwa mikononi mwake?

Mwalimu M., Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma saa mbili usiku, na kabla sijafika mwisho nilikuwa nimeshapiga namba uliyoiandika chini yake, kwa sababu majibu ya safu hii huchukua siku kadhaa kutoka na kichwa chako kisingeweza kusubiri. Maumivu ya kichwa ya siku tatu, pete isiyotoka na vimulimuli machoni umeviweka katikati ya habari za maneno ya sista, kana kwamba ni mambo ya pembeni. Hayo ndiyo yaliyokuwa barua yenyewe. Nilikuambia uende usiku uleule, ukaenda na mumeo, presha ikakutwa 170/110, na leo ninapoandika umelazwa na unaangaliwa. Umeniruhusu nichapishe barua kwa ajili ya wengine, nami nitakujibu yale ambayo hatukuyamaliza kwenye simu.

Kwa msomaji mwingine mjamzito aliye na dalili za namna hiyo, au anayeumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, au ambaye mtoto amepunguza kucheza, asiendelee kusoma. Aende kituo cha afya sasa hivi. Ikiwa usafiri ni shida, mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga unapatikana kwa kupiga 115 bila malipo.

Nilivaa sare ya ukunga kwa miaka 26 kabla sijastaafu, kwa hiyo usinitegemee nimtetee sista wako kwa sababu ya sare, wala usinitegemee nikufiche ulipokosea wewe. Una magomvi mawili, nawe umeyafunga katika fundo moja. La kwanza ni gomvi la heshima: kuandikwa mkaidi, kuchekwa, kuambiwa una mawazo. La pili ni gomvi la matibabu: presha iliyopimwa vibaya, mkojo ambao haukupimwa, dalili za hatari ambazo hazikumfikia daktari. Gomvi la heshima linaweza kusubiri hata miezi mitatu na bado ukapata haki yako. La matibabu halisubiri hata zamu ibadilike. Ulichokifanya ni kinyume chake: ulipojeruhiwa heshima uliondoka, na kwa kuondoka ukaliacha la matibabu bila mtu wa kulisimamia.

Tuanze na kulazwa. Ulikuwa na haki ya kukataa, kwa maana hakuna mtu mzima mwenye akili timamu anayelazwa kwa nguvu, na karatasi uliyosaini inahusu ushauri wa siku ile tu. Haimpi muuguzi yeyote ruhusa ya kukunyima huduma siku unaporudi. Hata hivyo mwenye historia ya kifafa cha mimba akifikisha 150/100 katika wiki ya 28, kitanda cha wodini ndiyo dawa yake ya kwanza, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni, na nyumbani hakuna wa kuupima. Hapo ulikosea, na kosa kubwa zaidi si kuomba siku moja bali ni zile siku sita. Nami najua kwa nini wanawake wengi hukataa: mtoto ameachwa kwa jirani, hela ya chakula iko kwenye pochi ya mama, baba hapatikani. Daktari akisema "lazwa" mwanamke husikia "iache nyumba yako iungue." Ungemwambia, "Nakubali kulazwa, naomba saa tatu za kumpeleka mtoto kwa dada yangu," ungekuwa umesema jambo tofauti kabisa na "siwezi," na sista mwenye busara angeliandika hivyo. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa ina ofisa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ni pamoja na mikwamo ya namna hii. Wengi humjua tu pale wanaposhindwa kulipa bili.

Sasa sista. Presha haipimwi juu ya nguo. Mgonjwa hukalishwa, akapumzika kama dakika tano, mkono ukiwa wazi na umeegemezwa usawa wa moyo, na kipimo kikiwa cha juu kinarudiwa. Ukipima juu ya mkono wa kitenge kwa mtu anayehema unapata namba tu, hupati presha. Kuhusu vijiti vya mkojo, ni kweli huisha, nami nimefanya kazi katika wodi ambayo vijiti vilikuwa hadithi kwa majuma mazima. Lakini presha iliyopanda pamoja na kichwa kinachouma na macho yanayoona vimulimuli inatosha kumwita daktari, hata kama mkojo haujaonekana kabisa. Protini kwenye mkojo ni ushahidi mmoja kati ya kadhaa, na huo ukikosekana, ule mwingine haufutiki. Kwa hiyo si kweli kwamba siku ile alikwama kwa kukosa vifaa. Alikuwa na kalamu nyekundu juu ya kadi inayosema kifafa cha mimba, mtoto kufia tumboni, upasuaji. Alikuwa na mgonjwa anayetaja dalili kwa mdomo wake. Alichokosa ni kuisoma kadi kwa nia ya kujua badala ya kuisoma kwa nia ya kukumbuka ugomvi.

Neno "mkaidi" halina nafasi kwenye kadi ya mgonjwa. Kinachoandikwa ni kilichotokea: "Ameshauriwa kulazwa, ameeleza kwamba hana wa kumwachia mtoto, ameahidi kurudi kesho, ameelezwa dalili za hatari." Maneno hayo yangemsaidia daktari wa kesho yake kukupigia simu. Neno alilolitumia yeye limemsaidia kila aliyeisoma kadi baada yake kukuhukumu kabla hujafungua kinywa, na hiyo ndiyo hatari yake halisi, zaidi ya aibu ya pale kwenye benchi. Nikiri jambo: mimi nami niliwahi kumwita mama mmoja "mjuaji" mbele ya wanafunzi wangu wa ukunga, naye alikuwa sahihi kuhusu mtoto wake na mimi nilikuwa nimekosea. Wodi yenye kina mama arobaini na wakunga wawili humchosha mtu mpaka mgonjwa anayeuliza maswali anaonekana adui. Uchovu huo naujua, lakini haumpimi mtu presha.

Siku nyingine ukijikuta mbele ya muuguzi asiyekusikiliza, usianze na historia ya magomvi wala usilinganishe elimu yako na yake. Sema dalili, muda wake, na historia yako, katika sentensi moja: "Nina wiki 29, niliwahi kupata kifafa cha mimba, kichwa kinaniuma siku tatu na naona vimulimuli, naomba kumwona daktari wa zamu sasa." Akikataa, muulize kwa utulivu jina la kiongozi wa zamu, kisha muuguzi mfawidhi wa wodi, kisha ofisi ya Mganga Mfawidhi, na uende huko kwa miguu yako ukiwa bado ndani ya uzio wa hospitali. Kelele humpa mtu sababu ya kusema alikuwa anajilinda, lakini ombi la kumwona daktari likitajwa pamoja na dalili, halafu likataliwe, mtu huyo atalieleza mwenyewe siku atakapoulizwa.

Kuhusu madaktari wako wawili, nadhani umewaonea kidogo. Presha ya namna hii haina tiba ya kuimaliza ila mtoto na kondo la nyuma kutoka, na dawa zote nyingine ni za kununua muda salama. Swali la kila siku ni muda huo unanunuliwa kwa bei gani. Kila wiki mtoto anayokaa tumboni humwongezea nguvu za mapafu, na kila wiki hiyohiyo inaweza kuwa imekatwa kwenye figo, ini, ubongo au kondo la mama. Presha isiyo na dalili za ukali, damu ikiwa safi na mtoto anakua, kwa kawaida huvushwa hadi wiki ya 37. Ikiwa kali lakini inadhibitika, husubiriwa kwa uangalizi wa wodini mpaka kama wiki ya 34. Na ikishindikana kudhibitika, mtoto hutolewa katika wiki yoyote ile ili mama asife. Bingwa alikuona wiki ya 26 presha ikiwa imetulia, akasema 37. Daktari wa zamu alikuona wiki ya 28 ukiwa na 150/100 na historia yako, akasema 34. Kila mmoja alizungumza juu ya mwanamke aliyekuwa mbele yake siku hiyo. Walichokosea wote wawili ni kukupa namba bila kukueleza kwamba namba hiyo si ahadi.

Leo, kwa presha uliyolazwa nayo, wiki ya 37 iondoe kichwani, na hata ya 34 iangalie kama mlima unaoupanda siku moja moja. Kila asubuhi madaktari wanapopita muulize anayekuongoza maswali haya: presha ya usiku ilikuwaje, majibu ya damu yanasemaje kuhusu figo, ini na chembe za kugandisha damu, mtoto anakua kwa kipimo cha picha, na ni jambo gani likitokea leo litakalowafanya waamue kumtoa. Swali hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, maana jibu lake hukuonyesha mpaka uko wapi, na mgonjwa anayejua mpaka hagombani na kila anayepita na faili.

Sindano ya mapafu nayo ina wakati wake. Huchomwa kati ya wiki ya 24 na ya 34 pale inapoonekana kwamba huenda mtoto akazaliwa ndani ya siku saba zijazo. Dozi iliyozoeleka kwetu ya deksamethasoni, dawa ya sindano hiyo, ni sindano nne za miligramu 6, moja kila baada ya saa 12. Ukichomwa wiki ya 26 ukajifungua wiki ya 33, faida yake kubwa imeshakwisha. Kwa hiyo kutokuchomwa mapema hakukuwa uzembe. Kutokujibiwa ndiko kulikokuwa kosa. Usiku ulipolazwa ulichomwa, na sasa unajua kwa nini ni usiku ule.

Uliniambia kwa simu ukiwa wodini kwamba dawa ya dripu na sindano za makalio zilikuwasha moto mwili mzima mpaka ukadhani wamekulipizia kisasi. Hapana, mwanangu. Hiyo ni magnesiamu salfeti, na joto hilo la ghafla, kichefuchefu na uzito wa mwili ni tabia yake inayojulikana. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu, na tangu hapo haina mpinzani. Kwa kuwa ikizidi hudhoofisha pumzi, mkunga huhesabu unavyopumua, hupima mkojo unaotoka kwenye mpira, na kukugonga goti kwa kinyundo. Ukiona hayo yanafanyika, unaangaliwa. Usipoyaona kwa saa nyingi, hilo nalo ni la kuuliza.

Kuhama hospitali kwa hasira sasa hivi sikushauri. Kupewa rufaa ni jambo jingine, na una sababu nzuri ya kuiulizia: mtoto wa wiki 29 huwa na uzito wa kama gramu 1,200, na wenye mama wa presha mara nyingi huwa wadogo zaidi. Muulize daktari kama wodi ya watoto wachanga hapo ina uwezo wa kumsaidia kupumua njiti wa uzito huo. Ikiwa hawana, ni bora mtoto asafiri akiwa bado tumboni mwako, presha ikiwa imetulizwa, kwa gari la wagonjwa na muuguzi pembeni, kwenda hospitali ya kanda. Kwenu huko ni Bugando, Mwanza. Ukijiondokea mwenyewe kwa basi utafika huko bila faili, na kadi yenye neno "mkaidi" ndiyo itakayokutambulisha.

Kwa mama mkwe, nampa heshima zake zote, maana hofu yake imetokana na kumwona mkwewe akirudi bila mtoto mara moja. Lakini uvimbe wako unatokana na ugonjwa huu wa mimba, hivyo hakuna mizizi ya kuutoa, na baadhi ya dawa za kienyeji wanazopewa wajawazito hukaza mji wa mimba kwa nguvu. Wewe una kovu la upasuaji. Likipasuka kijijini, hakuna kitakachowahi. Mwombe mama akae na mjukuu, na dada yako amsaidie kukimbia. Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote kwa sasa, na mwambie kwa maneno hayo.

Mumeo amenipa kazi zaidi. Hasira yake ni ya haki, ila aliipeleka kwa zamu isiyohusika, na wauguzi wa usiku aliowatukana ndio waliokupokea ulipofika siku chache baadaye na kukuwekea dripu. Awaombe radhi, tena mapema. Video asiifute na asiisambaze. Ndani yake mna wanawake wengine wamelala na nguo za wodini, ambao hawakumruhusu, na tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Atajikuta anajibu yeye mashtaka badala ya kuyafungua. Sisemi kwamba picha hazina maana. Mwaka 2013 huko Bungoma, Kenya, mwanamke aliyejifungulia sakafuni alipigwa makofi na kutukanwa na wauguzi, picha zikaonekana, na Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2018 kwamba haki zake zilivunjwa na alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Lakini ilikuwa miaka mitano, na alikuwa na mawakili. Video ya mumeo inaonyesha ugomvi wa usiku alioanzisha yeye. Haionyeshi presha iliyopimwa juu ya kitenge asubuhi.

Kinachoonyesha hilo ni kadi. Mwambie aipige picha kurasa zote leo, pamoja na karatasi uliyosaini. Kisha, ungali unakumbuka, mwandikishe tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na majina ya kina mama waliokuwapo ikiwa wataridhia. Malalamiko yaelekezwe kwa Mganga Mfawidhi, nakala kwa Muuguzi Mkuu wa hospitali, yakiomba mambo matatu yanayoweza kujibiwa: maelezo kwa nini dalili hazikumfikia daktari, neno lile lisahihishwe kwenye kumbukumbu, na wodi iangaliwe jinsi inavyowapima na kuwapokea wenye mimba za hatari. Usipojibiwa, yuko Mganga Mkuu wa Mkoa. Na kwa mwenendo wa muuguzi binafsi lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo sheria ya mwaka 2010 imelipa mamlaka ya kusikiliza mashauri ya kinidhamu na kuadhibu. Kwa daktari ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuandika usiku huuhuu si lazima. Mwandiko wa mwenye presha iliyotulia husomeka vizuri zaidi.

Unauliza kama utakuwa mikononi mwa yule sista siku ya kujifungua. Huenda. Siwezi kukudanganya kwamba visasi vidogo havipo katika wodi zetu: kuchelewesha, kununa, kumwacha mtu na dripu iliyokwisha. Lakini malalamiko yaliyofika ofisini kwa jina na tarehe hukulinda kuliko manung'uniko, maana kila mtu hujua kwamba faili lako sasa linasomwa. Mwombe Muuguzi Mkuu kwa upole kwamba, inapowezekana, mkunga mwingine awe kiongozi wa huduma yako. Zamu hupangwa na mtu, si kwa kura. Uliza pia kama wodi inaruhusu ndugu wa kike akae nawe, na awe ni yule anayeweza kusema "naomba daktari" mara tatu bila kutukana.

Baada ya kujifungua usikubali kuambiwa kwamba mambo yamekwisha. Kifafa cha mimba huweza kumpata mama hata baada ya mtoto kutoka, hasa siku za mwanzo, na nimewaona waliojifungua salama wakadondoka wakiwa wanafunga mizigo ya kurudi nyumbani. Magnesiamu huendelea kwa saa 24 baada ya kujifungua, na presha ipimwe kila siku kwa siku tatu za mwanzo ukiwa bado wodini ikiwezekana, kisha urudi kupimwa ndani ya wiki ya kwanza na tena wiki ya sita. Kichwa kikianza kuuma ukiwa nyumbani na mtoto mgongoni, ni dharura ileile ya wiki ya 29.

Na hiyo soda usimpelekee. Atakayeipokea leo ataidai kwa mwenye presha mwingine kesho, tena asiye na mshahara wa ualimu, na wewe utakuwa umelipia neno "mkaidi" badala ya kulifuta. Hela hiyo mpe dada yako anunue mkoba wa plastiki wenye zipu, wa kuwekea kadi, karatasi za majibu ya damu na ile nakala ya malalamiko, uwe chini ya mto wako hata ukihamishwa wodi.